Siku nane Italia: usikimbize miji, na lala mji mdogo angalau usiku mmoja

Hapa Malindi Kiitaliano tunakisikia tangu utotoni, ufuoni, dukani, kwenye tuktuk, mpaka mtu akipata viza anaona ni kama anaenda kwa jirani. Sasa shida inaanza kwa ratiba. Siku nane tu za likizo na mtu anataka Roma, Napoli, Pisa, Firenze, Milano na Venezia zote kwa mpigo, anarudi na picha mia tano na ukimuuliza alikula nini hakumbuki. Mi nimeenda mara mbili, ya kwanza nilikimbia hivo hivo, ya pili nikatulia, na hii ya pili ndo nawapa: Roma lala siku tatu, Orvieto, ndo huo mji mdogo, siku moja, Firenze tatu, Venezia moja, na ndege ya kurudi upandie huko huko Venezia. Usirudi Roma kutafuta ndege manake hapo siku nzima imeenda bure.

Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, mtu mzima analipa euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Maombi unaweza kupeleka miezi sita kabla, mwisho ni siku 15 kabla, lakini usingoje mwisho jamani, peleka miezi miwili mitatu mapema, na alama za vidole unatoa mwenyewe kwa hivo weka na nauli ya Nairobi kwenye hesabu. Nenda Aprili, Mei au Oktoba. Agosti iache, joto lao halina upepo wa bahari kama letu, na ikifika tarehe 15, sikukuu wanayoita Ferragosto, maduka mengi ya kifamilia yamefungwa wenyewe wako baharini.

Treni ziko aina mbili na ukizielewa umeokoa pesa nyingi. Kuna za kasi, Frecciarossa na Italo, Roma mpaka Firenze saa moja na nusu hivi, hizo bei inapanda kadri siku inavyokaribia kwa hivo nunua mapema. Halafu kuna regionale, bei yake haibadiliki hata ununue dakika kumi kabla, hakuna namba ya kiti, inasimama simama vimji vidogo, na hiyo ndo rafiki yako. Ila sikiliza vizuri hapa. Tiketi ya karatasi ya regionale lazima uipige muhuri kwenye kile kimashine cha ukutani kabla hujapanda, na kama umenunua kwa simu lazima uithibitishe kwa simu siku hiyo hiyo kabla treni haijaondoka. Mi mara ya kwanza tiketi ninayo mkononi, nimelipa, nimekaa dirishani nafurahia mashamba, mkaguzi akaja akaigeuza akaona haina muhuri akanitoza faini palepale mbele ya watu. Iliniuma sana, pesa ile ilikuwa chakula changu cha siku mbili.

Roma sitaki kuisema sana kila mtu anaijua. Tiketi ya Colosseo, ule uwanja wa kale, inaandikwa jina lako, kwa hivo beba pasipoti. Makumbusho ya Vatikani Jumapili yamefungwa isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Kuingia Pantheon, lile hekalu la kale, kunalipiwa, 2023 ilianza kwa euro 5. Maji usinunue, bomba za barabarani wanaziita nasoni zinamwaga maji baridi mchana kutwa, jaza chupa yako. Na ukipanda basi namba 64 begi liwe kifuani, wezi wa mifukoni wanalipenda sana basi hilo.

Sasa Orvieto. Ni mji juu ya jabali, stesheni iko chini, unapanda kigari kinachovutwa kwa waya mpaka juu na ukishuka tu, karibu hapo hapo pana kisima, Pozzo di San Patrizio. Papa Clement wa Saba alikimbilia huko baada ya Roma kuporwa 1527, akaogopa mji ukizingirwa watu watakufa kiu, akaamuru kichimbwe. Kina kinapita mita 50, vipandio 248, lakini ajabu yake ni kwamba ngazi ni mbili zinazunguka kisima bila kukutana, punda anashuka kwa hii kuchukua maji anapanda kwa ile. Nilishuka mpaka chini nikashika ukuta, una baridi na unyevu, madirisha yanatazama ndani ya shimo na mwanga unapungua kila ukizunguka, nikawafikiria punda wetu wa Lamu wakikutana kichochoroni na mizigo ya mawe mpaka mmoja arudishwe kinyumenyume. Hawa walilifikiria jambo hilo miaka karibu mia tano iliyopita!

Na usiondoke na treni ya jioni kama wageni wengine. Wakishaondoka ndo wenyeji wanatoka, wazee wanakaa nje vile vile kama kwenye baraza za Lamu, na lile kanisa kuu lililoanza kujengwa 1290 linapigwa na jua la magharibi dhahabu yake inawaka uso mzima. Kaa hapo. Ukiingia dukani sema buongiorno, jioni buonasera, ile ciao ya Malindi ni ya watu mnaojuana, mzee wa mji mdogo ukimwanzia na ciao ni kama mtoto kumpita mkubwa bila shikamoo.

Firenze makumbusho ya Uffizi yanafungwa Jumatatu, panga hivo. Siku moja panda regionale uende Lucca, mji umezungukwa na ukuta mpana wa kilomita nne na watu wanaendesha baiskeli juu yake. Siena pia inafaa, nenda na basi, ila tarehe 2 Julai na 16 Agosti kuna mbio za farasi na mji unajaa mno.

Chakula kwa sisi Waislamu kinataka macho. Tambi za carbonara na amatriciana zina guanciale, nayo ni nguruwe, prosciutto, pancetta na speck pia, na hata mkate unaweza kuwa na strutto ambayo ni mafuta yake. Uliza tu "c'è maiale?", yaani kuna nguruwe, hawakasiriki. Cacio e pepe ni tambi za jibini na pilipili manga basi, pizza marinara haina nyama kabisa. Nyama ya halali Roma tafuta upande wa Piazza Vittorio, na Ijumaa uko msikiti mkubwa uliofunguliwa 1995. Kahawa kunywa umesimama kaunta, ukikaa mezani bei inapanda, na mkahawani ukiona coperto kwenye bili usigombane, ni ada ya meza.

Venezia lala, usiende kushinda tu. Siku fulani za msimu wanaokuja kushinda wanatozwa ada, anayelala halipi ila anajiandikisha. Mtu wa Lamu hapa hapati tabu, hakuna gari, vichochoro vinapinda, mizigo inasukumwa kwa mikokoteni, tofauti ni madaraja, yako zaidi ya mia nne na mengi yana ngazi kwa hivo beba begi la mgongoni. Boti namba 1 inapita mfereji mkuu wote, tiketi euro 9.50. Asubuhi yako ya mwisho amka mapema uende soko la samaki la Rialto, Jumapili na Jumatatu halipo, uone pweza na ngisi wamepangwa juu ya barafu. Ukitoka hapo tembea mpaka Piazzale Roma, basi la uwanja wa ndege linaondokea pale.