Siklosporini kwa macho makavu: jinsi ya kuitia bila kuiacha njiani

Shangazi alinipigia simu siku ya nne ya kutumia siklosporini, dawa ya matone ya macho makavu. "Mwanangu, hii dawa inaunguza kuliko ugonjwa wenyewe." Alikuwa ameshaiacha. Kosa langu: nahudumia wagonjwa wa macho kila siku, lakini yeye nilimkabidhi boksi nikaondoka. Haya ndiyo niliyopaswa kumweleza.

1. Pimwa kwanza. Macho yanayokereketa kama yana mchanga yanaweza kuwa na aleji tu. Na usishangae jicho kavu kutiririka machozi ukipigwa na upepo, ndivyo linavyojitetea. Mtaalamu atakuwekea fluoresini, rangi inayoonyesha michubuko juu ya jicho, na karatasi ya Schirmer, kijikaratasi kinachowekwa kwenye kope ya chini kupima machozi. Karatasi ikilowa chini ya milimita 5 kwa dakika 5, ukavu umekomaa.

2. Machozi ya bandia, yaani matone ya kulainisha jicho. Endelea nayo. Mimi napendelea yasiyo na kihifadhi (kemikali ya kuzuia vijidudu kwenye chupa), hasa kwa anayetia zaidi ya mara nne kwa siku.

3. Kutia tone. Hapa ndipo tulipopoteza jioni nzima. Shangazi alikuwa anasimama mbele ya kioo, anainua kichupa juu kabisa, anafumba jicho tone likiwa hewani, kisha anaongeza la pili na la tatu "ili liingie".

Achana na kioo. Lala chali. Pindua kichupa juu chini mara kadhaa mpaka dawa iwe nyeupe sawasawa kama maziwa, ndipo ukifungue. Vuta kope ya chini kwa kidole ipate kufanya kijimfuko, tazama juu ya kichwa chako, dondosha tone moja. Moja tu, kwa sababu jicho halina nafasi ya mawili. La pili linaishia shavuni. Ncha ya kichupa isiguse kope wala jicho. Mkono ukitetemeka, uegemeze kwenye paji la uso. Kisha fumba taratibu bila kukaza, bonyeza kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja hivi.

Kichupa kimoja ni cha macho yote mawili, kwa mara hiyo moja. Kilichobaki tupa. Najua inauma, nimeona watu wanakifunika kwa plasta mpaka jioni. Dawa haina kihifadhi, kwa hiyo vijidudu wakiingia hakuna cha kuwazuia.

Dozi ya kawaida ni asubuhi na jioni, zikiachana saa 12. Kati ya siklosporini na machozi ya bandia acha dakika 15. Lenzi za macho zitoe kwanza, uzirudishe baada ya dakika hizo hizo 15. Shangazi alikuwa anatia vyote kwa mpigo, kimoja kinaosha kingine.

Kuunguza? Ni kweli inaunguza, zaidi wiki za mwanzo. Kilichomsaidia ni kutia machozi ya bandia kwanza, anasubiri robo saa, ndipo siklosporini.

4. Subiri. Dawa hii inatuliza kinga ya mwili inayoshambulia tezi za machozi. Si ya kutuliza leo. Hesabu miezi mitatu, wengine hufika sita. Ukiipima kwa wiki mbili utasema ni maji.

5. Steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Ukweli ni kwamba zinafanya kazi haraka, na daktari anaweza kukupa za wiki mbili hivi mwanzoni huku siklosporini ikijijenga. Lakini zile za deksamethasoni unazouziwa dukani bila cheti cha daktari, unarudia kila macho yakiwasha, siziungi mkono hata kidogo. Presha ya jicho hupanda kimyakimya hadi glaukoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mtoto wa jicho huja mapema, na kama una kidonda cha fangasi au cha virusi vya herpesi kwenye jicho lenyewe, kinanawiri. Nilimwomba shangazi aniletee kila chupa aliyonayo. Alileta tatu, moja imefunguliwa tangu Pasaka.

Ukipata maumivu makali, ukashindwa kutazama mwanga au uoni ukashuka ghafla, acha kusoma hapa na uende hospitali siku hiyo hiyo.