OH⁻: Elektroni ya nane inatoka wapi?

Juzi jioni, hapa Nkuhungu, nilikaa na mtoto wa dada yangu wa kidato cha pili. Kila alipochora ioni ya haidroksidi (OH⁻, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoungana zikiwa na chaji hasi), elektroni hazikutimia nane. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Njia iliyomtoa hapo ndiyo hii.

Hatua ya 1. Shika penseli, kalamu ya wino iweke kando. Andika O, na H ubavuni mwake.

Hatua ya 2. Hesabu elektroni za ganda la nje: oksijeni 6, haidrojeni 1. Jumla 7.

Hatua ya 3. Hapa twende polepole, maana ndipo jioni yetu ilipoishia. "Mjomba, si kuna alama ya kutoa? Basi natoa moja, zinabaki 6." Hapana. Elektroni yenyewe ina chaji hasi, kwa hiyo alama hiyo inakuambia imeingia elektroni moja kutoka nje. Andika 7 + 1 = 8. Imetoka wapi? Chukua chokaa tunayopaka ukutani: kila kalsiamu imetoa elektroni 2, na haidroksidi mbili zikagawana moja moja.

Sasa chora. Za oksijeni ziwe nukta, ya haidrojeni msalaba, na huyo mgeni mchoree pembetatu ndogo. Elektroni zote ni sawa kwa asili, lakini kwa anayeanza mimi sikubali nukta tupu, kwa sababu akikosea hataona ipi imepotea. Nukta moja na msalaba vikae katikati ya O na H: hiyo ndiyo jozi wanayochangia, bondi ya kovalenti. Nukta 5 na pembetatu zinafanya jozi 3, zote zizunguke O. Usimpelekee H hata moja, ganda lake limeshajaa kwa 2.

Hatua ya 4. Zungushia mchoro wote mabano ya mraba, alama ya kutoa ikae nje, juu kulia. Chaji ni ya kundi zima.

Hatua ya 5. Fomula ya chokaa ni Ca(OH)₂. Ukiandika CaOH₂ umebaki na oksijeni moja, wakati zipo mbili. NaOH haihitaji mabano, haidroksidi ni moja tu.

Mwisho nilimpa alumini, chaji 3+. Akaitazama kidogo, akaweka penseli chini, akaandika Al(OH)₃ kwa wino.