Una banda la sinema? Kabla hujanunua fimbo ya kukagua, nenda kaangalie mlango wa nyuma

Wenye mabanda ya sinema na mpira hapa Malindi siku hizi wananiuliza swali moja, eti tuweke ukaguzi mlangoni ama tutafukuza wateja. Jibu langu ni weka, lakini usianze na hiyo, manake naona mtu anakimbilia kununua ile fimbo ya kupiga pii pii ikihisi chuma na banda lenyewe lina mlango mmoja, tena wa kuvuta ndani.

Mlango wa kuvuta naujua vizuri. Kuna banda sitalitaja, siku ya derby watu wamejaa mpaka madirishani, transfoma huko nje ikapiga mshindo, stima zikapotea, mtu mmoja akapiga kelele "bomu!" na basi, sote tukaurukia mlango. Sasa utauvuta vipi na watu sitini wamekulalia mgongoni? Wa mbele analia rudini nyuma, wa nyuma hasikii anasukuma. Waliotangulia kutoka ni wale waliobomoa ukuta wa makuti, mimi nilitoka na kiatu kimoja. Na bomu lenyewe halikuwepo!

Kwa hivo kwanza kabisa mwite fundi ageuze bawaba mlango ufunguke kwa nje. Hata siku haimalizi. Alafu toboa mlango wa pili, uwe mbali na ule wa kwanza, manake moto ukishika mbele na milango yote iko mbele umefanya nini sasa.

Huo wa nyuma ndio wenye maneno. Kila mwenye banda anaupiga kufuli kwa sababu watoto wa mtaa wanapita huko bure, na naelewa, zile shilingi hamsini hamsini za kiingilio zinaenda. Lakini kule Delhi mwaka 1997 sinema ya Uphaar ilishika moto, chanzo transfoma ya chini ya jengo, moshi ukapanda juu kwa watazamaji, kuna milango imefungwa na njia moja imezibwa na viti vya kuongeza, wakafa watu 59. Viti vya kuongeza! Si ndio zile benchi tunazopanga katikati siku ya fainali? Ukishajaza benchi zako kata tiketi, anayebaki nje abaki, hata kama ni shemeji yako.

Na ukiuacha wazi tu pia umekosea. Kwenye sinema moja ya Aurora, Marekani, Julai 2012, jamaa mmoja alinunua tiketi kama mtu mwingine yeyote akaingia akakaa, sinema imeanza akatoka kwa mlango wa dharura ulio karibu na skrini, akauwekea kitu usijifunge, akaenda kwa gari lake akachukua bunduki akarudi palepale. Watu 12 walikufa. Sasa soja wa mlango wa mbele angemuona saa ngapi? Kwa hivo mlango wa nyuma nao usukumwe kwenda nje, lakini aweze kuufungua aliye ndani tu, upande wa nje usiwe na mshikio, uwe na komeo la kusukuma mkono mmoja bila kutafuta ufunguo gizani, na pale karibu akae mtu wako mpaka mwisho wa shoo. Mpe kiti na chai, awe anatazama mlango sio mpira (hapa ndo patakushinda, nakwambia).

Ukishamaliza hayo sasa njoo kwa ukaguzi. Sisemi ni wa kazi bure. Kampala Julai 2010 watu walikuwa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia wakalipuliwa, zaidi ya 70 wakafa, na Mpeketoni, kule Lamu, watu walivamiwa wakauawa Juni 2014, sisi wa huku hatuhitaji kusimuliwa. Westgate nayo, ile mol ya Nairobi iliyovamiwa na magaidi 2013, tangu hapo mol za Nairobi ukiingia unafungua begi na hakuna anayenuna, tumezoea. Lakini banda la mtaani si mol, ukimkagua mtu kama mwizi kesho ataenda kwa jirani yako.

Fanya hivi. Andika kwa kibao tangu nje, mikoba itaangaliwa, begi kubwa haliingii. Soja asalimie kwanza, "shikamoo mzee, samahani naomba nione mfuko", sio kunyoosha mkono kama polisi. Wanawake wakaguliwe na mwanamke, hapa Pwani hilo halina mjadala, na buibui la mtu lisiguswe, mkoba unatosha. Akikuta mabuyu na viazi karai ndani aache, kuna mabanda yanatumia ukaguzi kunyang'anya watu chakula ili wanunue soda ya ndani, hiyo ni biashara, usiiite usalama. Na ukaguzi uwe wa wote, ukianza kuchagua wenye kanzu ama wenye sura fulani umeharibu, utapata uadui na hujapata usalama.

Jenereta weka nje mbali na makuti na mbali na mlango, petroli isilale ndani. Taa ya sola moja juu ya kila mlango, stima zikipotea watu wajue pa kwenda. Namba 999 na 112 ziandike ukutani kwa rangi kubwa.

Alafu Jumapili moja shoo ikiisha, kabla watu hawajanyanyuka, waambie unazima taa na kila mtu atoke mlango ulio karibu naye, washa saa ya simu uone wanatumia muda gani. Mara ya kwanza wote watafuata mlango walioingilia, hata walioketi hatua tatu kutoka ule wa nyuma. Rudia wiki ijayo.