Jinsi ya kucheza Never Alone na mtoto, wazazi wa Mwanza njooni

Hii gemu ilitoka 2014, imetengenezwa pamoja na Wainupiat, wenyeji wa asili wa Alaska kule Marekani, kuna binti anaitwa Nuna na mbweha wake mweupe wanatafuta dhoruba ya theluji isiyoisha inatokea wapi. Haina mambo ya damu damu ila dubu mweupe anawakimbiza mapema kabisa, kwahiyo kama mtoto mdogo kaa naye.

Chomeka pedi mbili za kuchezea gemu. Mtoto mpe mbweha, maana ndo anaparamia kuta na akisogea karibu na mizimu inajitokeza mnaikanyaga mnavuka, na hawa wetu walivyozoea kupanda mawe wala hawafundishwi. We baki na Nuna, anasukuma maboksi na mbele huko anapata bola, kamba ya kurusha yenye vizito, anavunjia barafu.

Sasa upepo, hapa ndo wengi wanafia. Ukivuma kwa mbele usikimbie, bonyeza kuinama mtulie upite, ukija kwa nyuma ruka nao unakupeleka mbali. Mmoja akifa wote mnarudi nyuma kidogo, msilaumiane.

Bundi msimkwepe jamani, najua kwetu ni uchuro, humo anafungua video fupi Wainupiat wenyewe wakielezea maisha yao, mi naona ndo utamu wenyewe. Msimulizi anaongea Kiinupiat kwahiyo maandishi ya chini umtafsirie mtoto, hata kwa Kisukuma poa tu. Umeme ukikatika msipanic, gemu inajisevu yenyewe.