Presi ya bushi kwa bolti moja na kipande cha bomba

Ukiendesha Toyota IST kwenye barabara za ndani za Mbagala, ule mlio wa "gwa, gwa" mguu wa mbele utaujua tu. Ukishika breki, gari linavuta upande. Mara nyingi ni bushi za wishboni, yaani zile raba zenye gamba la chuma zinazokaa kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu.

Mara ya kwanza nilimpa fundi. Aliing'oa bushi kwa tindo na nyundo, akalichimba tundu la wishboni. Bushi mpya ikaanza kucheza baada ya miezi 2, nikalazimika kununua wishboni nzima. Gari hili ndilo linalonilisha na watoto wangu, na iliniuma sana. Nikaenda eneo la Gerezani, Dar, nikazunguka kwenye vyuma chakavu, nikarudi na presi yangu mfukoni, chombo cha kusukuma bushi itoke na kuivuta mpya iingie, kwa shilingi 22,000. Mpaka leo naitumia, na majirani wawili wameshaiazima.

Tafuta bolti ya sentimita 20, nyuzi mwili mzima, nene kadiri tundu la bushi linavyoruhusu. Kichwani iwe na chapa 8.8, alama ya ugumu wa bolti. Hapa usibane pesa: bolti laini nyuzi zake zitachanika bushi ikiwa nusu njia, na utakwama. Ongeza nati mbili na washa nne nene.

Kisha kipande cha bomba nene, refu kuliko bushi, upana wa ndani uzidi gamba la bushi kwa milimita 2 au 3. Humo ndimo bushi ya zamani itaingilia. Ncha zote mbili zikatwe kwa usawa kabisa. Langu la kwanza nililikata kwa msumeno wa mkono likawa na mshazari, bushi ikaenda upande. Ilibidi nimlipe mwenye mashine ya kuchonga vyuma alinyooshe. Mwisho, chuma cha kusukumia: mimi natumia pete ya beringi ya zamani. Iwe ndogo kidogo kuliko gamba la bushi, lakini ilikalie gamba lenyewe. Ukisukuma raba, raba itachanika na gamba litabaki ndani.

Fungua wishboni, gari likiwa juu ya stendi na matairi ya nyuma yamewekewa mawe. Kabla ya kugusa bushi, chora alama kuonyesha imekaa upande gani na imeingia kiasi gani. Paka nyuzi grisi nyingi. Panga hivi: kichwa cha bolti, washa, pete ya kusukumia, wishboni, bomba, washa, nati. Shika kichwa kwa spana, zungusha nati kwa spana ya boksi. Itakaza, halafu utasikia "pa!" na bushi itaanza kutembea. Usishtuke.

Bushi mpya ilaze kwenye friza usiku kucha. Baridi huipunguza kidogo sana, na hicho kidogo kinasaidia. Safisha tundu kwa msasa laini, paka oili kidogo, kisha ivute ndani kwa presi ileile, ukiangalia alama zako.

Sasa jambo ambalo hata gereji nyingi hulipuuza. Bolti za wishboni usizikaze gari likiwa hewani. Zishikishe kidogo tu, shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza mguu ukiwa unaning'inia, raba inabaki imejisokota kila siku na itakatika mapema. Baada ya hapo peleka gari likapimwe alaimenti, yaani mkao wa matairi.

Kifaa kimoja nakusihi usijitengenezee: cha kubania springi za shokapu. Springi iliyobanwa ikichomoka inaua. Hicho kodi, au mpe mwenye nacho. Stendi za kuwekea gari nazo nunua za dukani. Matofali yanapasuka ghafla, na wewe uko chini.

Presi ikimaliza kazi, ifute, ipake oili, ifunge kwenye kitambaa. Nyuzi zikiota kutu, bolti hiyo itupe.