Namna ya kuandaa watu wako kabla ya kurudi nyumbani, na kabla ya kutoka tena

Kabla hujakata tiketi ya kurudi Mbeya kutoka Johannesburg au Lusaka, orodhesha watu wako wa pande zote mbili: walioko nyumbani, na wale utakaowaacha ugenini. Uamuzi wa kurudi huonekana kuwa wa mtu mmoja, lakini mara nyingi husukumwa na simu za ndugu, na utulivu wa aliyerudi hutegemea nani amejiandaa kumpokea.

Anza na nyumbani, na hapo usiharakishe. Usimkabidhi ndugu mmoja fedha, kiwanja na mafundi, hata awe kaka mliyenyonya ziwa moja. Ndugu asimamie fundi, rafiki asiye wa ukoo apite kukagua, na malipo ya mabati na saruji yaende moja kwa moja kwa mwenye duka, akutumie picha ya risiti pamoja na ya mzigo wenyewe ukishushwa kiwanjani. Kama ardhi iko kijijini, tuseme Rungwe au Mufindi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaweka usimamizi wake mikononi mwa halmashauri ya kijiji. Hivyo ukija likizo, nenda mwenyewe kwa mwenyekiti na mtendaji, kwa sababu makubaliano ya mdomo na mjomba hayatakulinda. Miche ya parachichi iliyobebeshwa huhitaji takribani miaka 3 kuanza kuzaa, kwa hiyo ipandwe ukingali na mshahara.

Kazi ni suala jingine. Ndugu watakupa chumba na chakula, na haki yao ya kukuomba ada za watoto uipangie kiasi mapema. Lakini mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alieleza mwaka 1973 kwamba taarifa za kazi mara nyingi huletwa na watu tunaofahamiana nao kwa mbali, maana wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua sisi. Mtafute dereva wa lori anayevuka Tunduma na mfanyabiashara wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, uliyewahi kumtumia mzigo, uwaeleze unarudi na ujuzi gani.

Kwa wenzako wa ugenini, ambao utawahitaji ukitaka kutoka tena, lipa madeni, maliza mzunguko wa kikoba, omba barua ya utumishi kwa mwajiri, na uendelee kutoa mchango wa msiba hata ukiwa Iringa, kwa kuwa anayekumbukwa kwenye misiba ndiye anayepigiwa simu nafasi ikipatikana. Vilevile, usiache kibali kiishe ukiwa ndani ya nchi yao: kwa kanuni za uhamiaji za Afrika Kusini za mwaka 2014, aliyezidisha muda kwa zaidi ya siku 30 anaweza kuzuiwa kuingia kwa miaka 5, na mwenyeji wako, hata akiwa na chumba na kazi tayari, hawezi kukuondolea zuio hilo.