Kikundi cha walimu: anzeni na madaftari ya watoto

Mwalimu akiniambia shuleni kwao wana jumuiya ya kujifunza, huwa namuuliza: mezani mnaweka nini? Akijibu "tunajadili changamoto", najua hicho ni kikao kingine cha kulalamikia uhaba wa vitabu. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inataka tujifunze pamoja palepale shuleni, na tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024 tunahitajiana kweli. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi mkoani Morogoro. Vikundi ninaviunda hivi.

Watu wanne hadi sita. Wakifika kumi, wawili wataongea na waliobaki watasahihisha kazi zao kimyakimya. Wapange kwa wanachofundisha, si kwa urafiki. Wa Darasa la Kwanza na la Pili wanahangaika na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, basi wakae pamoja. Shule yenye walimu saba isijigawe.

Suala la posho limalizwe siku ya kwanza: hakuna. Tumezoea semina zenye bahasha, na anayesubiri bahasha hasikilizi. Chai na mihogo vinatosha. Mwalimu mkuu akigharamia chai hiyo, kazi yake iliyobaki ni kulinda muda. Sisi ni Jumatano baada ya vipindi, dakika 45, kwa kuwa Ijumaa kuna swala. Katika dakika hizo asimwite mtu ofisini. Akitaka kuingia kikaoni, karibu, ila fomu ya ukaguzi aiache kabatini.

Sasa madaftari. Kila mmoja aje na matatu: la mtoto anayeelewa, la wa katikati, na la anayehangaika. Chukua hesabu ya 52 − 27 ambayo mtoto ameandika jibu 35. Lazima atokee wa kusema, "Hawa hawafanyi mazoezi." Mwambieni asubiri, kwanza mfuatilie 35 imetoka wapi. Mbili toa saba haiwezekani, mtoto akageuza: saba toa mbili, tano. Kisha tano toa mbili, tatu. Kumbe ana kanuni yake na anaifuata bila kukosea! Mazoezi mia kwa kanuni hiyo yatamzamisha zaidi. Hapo ndipo maswali yenye faida yanapoanza: nani kati yetu huwafungulia watoto fungu la vijiti kumi, na nani hukimbilia ubaoni "kukopa"?

Msiondoke bila kukubaliana jambo moja la kujaribu kabla ya Jumatano ijayo. Vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, vilisikiliza redio, vikajadili, kisha watu wakaenda kuchimba vyoo. Choo chenu ni hilo jambo la kujaribu, mathalani kipindi cha kutoa kwa vijiti. Mwenzenu mmoja akae nyuma ya darasa, na macho yake yawe kwenye mikono ya watoto, si kwa mwalimu. Mwalimu akijua hivyo, woga wa kuangaliwa hupungua sana.

Kuna jambo ambalo miongozo huligusa kijuujuu: umri. Mwalimu wa ajira mpya hawezi kumpinga jioni mtu aliyemwamkia shikamoo asubuhi. Kwetu wadogo huanza kusema, mkubwa anamalizia. Mkongwe naye apewe kazi inayolingana na uzoefu wake, mathalani kutengeneza zana. Mara nyingi ndiye anayejua kufundisha bila kitabu.

Kumbukumbu ziwe fupi: tumeona nini, nani atajaribu nini, kimetokea nini. Mihtasari ya kurasa nne sijaona mtu akiisoma. Kundi la WhatsApp libaki la picha za madaftari. Michango ya harusi na misiba ina kundi lake.

Asiyehudhuria usikimbilie kumshtaki. Kamuulize. Wengine wana duka la kufungua jioni, wengine wanawahi gari la kijijini, na kusogeza kikao hadi saa ya mapumziko kunaweza kumaliza tatizo. Anayekataa tu, mwache kwa muhula huo. Na kosa la kutoa likiisha kwenye madaftari, chagueni kosa jingine au mpumzike. Kikundi hakilazimiki kukutana ili tu kionekane kwenye ripoti ya Afisa Elimu Kata.